Unguja na Maskati: Masafa na Muda

Baina ya uwanja wa ndege wa Unguja, unaoitwa kwa jina la Abeid Amani Karume tangu 2010, na ule wa Maskati kuna kilomita 3,900 hivi kwa njia iliyonyooka. Ndege isiyotua njiani huchukua saa tano na kitu. Saa za Maskati zimezitangulia za Unguja kwa saa moja. Anayekuja huku hujiona amesafiri saa nne tu, na anayerudi huona sita. Kwa abiria wa leo hilo si neno. Kwa nahodha wa zamani, tofauti ya kwenda na kurudi ndiyo iliyokuwa safari yenyewe.

Mabaghala ya Omani yalikuja na kaskazi, ivumayo baina ya Disemba na Machi, yakarudi na kusi. Upepo ukiwa mwema, njia ilikuwa ya majuma matatu au manne, na zaidi kwa waliotia nanga bandari za kati. Lakini huo ni muda wa chombo tu. Barua iliyotoka Unguja mwezi wa Mei ilingojea jibu lake mpaka kaskazi ifunguke tena. Mfanyabiashara wa karafuu aliweza kustahamili hayo. Mtawala je?

Seyyid Said bin Sultan, aliyeifanya Unguja kuwa makao yake, aliondoka mwaka 1854 kwenda Omani, ambako Waajemi walikuwa wakimsumbua juu ya Bandar Abbas. Unguja alimwachia mwanawe Khalid. Mwaka huohuo Khalid akafariki, baba yuko ng'ambo ya bahari. Nafasi ikashikwa na Majid. Said hakuanza kurejea mpaka Septemba 1856, wakati kaskazi ilikuwa bado. Tarehe 19 Oktoba alifariki ndani ya manowari yake Victoria, karibu na Shelisheli. Dola yenye miji mikuu miwili ikafiwa na mwenyewe pasipo mji wowote.

Thuwaini alibaki na Maskati, Majid na Unguja. Mwaka 1859 Thuwaini alipeleka merikebu kumwendea nduguye, Waingereza wakazirudisha. Na mwaka 1861 Lord Canning, Gavana Mkuu wa India, akaamua kuwa nchi hizo ni mbili, Unguja iilipe Maskati riale 40,000 kila mwaka. Wanahistoria hutaja ugomvi wa ndugu na mkono wa Mwingereza, nao wamesema kweli. Hata hivyo upepo haupewi haki yake. Waraka wa Canning ulitia muhuri jambo ambalo misimu ilikuwa imekwisha kulifanya gumu: kuamrisha pwani mbili kwa amri inayofika mara moja kwa mwaka.

Meli za moshi zilipunguza muda huo, na mwaka 1879 waya wa simu uliotandazwa kutoka Aden uliuondoa kabisa kwa habari, si kwa watu.

Baada ya Mapinduzi ya 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970, jamaa wengi wa Unguja na Pemba walihamia Omani. Uwanja wa Seeb, ambao ndio wa Maskati hadi leo, ulifunguliwa 1973. Nyumba nyingi sasa zina nusu yao huku na nusu kule. Harusi hupangwa, na watu huwahi. Maziko hayangoji: anayefia Unguja alfajiri aghalabu huzikwa kabla ya magharibi, na simu humkuta nduguye Maskati akiwa bado anatafuta tikiti.