Filamu ilipigwa karibu na mto wetu, lakini waliokimbia hawakuonyeshwa



Siku hizi kijana mmoja alinisimamisha karibu na nyumba wanamoonyesha video. Alikuwa ametoka kuangalia filamu ya vita vya nyota, yenye vyombo vinavyoruka kutoka sayari moja kwenda nyingine. Akaniuliza: "Kaka, pale mahali ni pa kweli ao walichora tu?"

Nilimjibu kwamba mahali pengine ni pa kweli. Kule Tunisia, katika mji wa Matmata, kuna nyumba za zamani zilizochimbwa ndani ya udongo. Mwaka wa 1976 Wamarekani walikwenda huko kupiga sehemu ya filamu ya kwanza ya Star Wars. Nyumba moja kati ya hizo ni hoteli inayoitwa Sidi Driss, na watu wametoka nchi za mbali kuiona kwa sababu ya filamu hiyo tu. Hata jina la sayari ya kwenye filamu, Tatooine, limetokana na mji wa Tunisia unaoitwa Tataouine.

Kijana alicheka, kisha akauliza tena: "Na huku kwetu, hawajapiga filamu hata moja?"

Walipiga. Na walipiga kwenye mto unaoingia katika mto huu huu tunaochota maji kila asubuhi.

Filamu hiyo inaitwa The African Queen. Ilitoka mwaka wa 1951. Aliyeiongoza ni Mmarekani John Huston, na wachezaji wakubwa walikuwa Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Walikuja Kongo ya Wabelgiji, wakafika Ponthierville, mji tunaouita leo Ubundu. Karibu na hapo, Biondo, walijengewa kambi ya miti na majani, na wakawa wanapiga picha kwenye mto Ruiki, ambao maji yake yanaingia Lualaba. Wengi wao waliugua tumbo kwa sababu ya maji. Bogart na Huston walikunywa whisky, na wakawa wanasema ndiyo iliyowaponya. Siku moja boti ya filamu ilizama, ikabidi watu waivute kutoka ndani ya maji.

Baada ya Kongo walihamia Uganda, wakapiga picha Butiaba kwenye Ziwa Albert na kwenye maporomoko ya Murchison. Lakini pale mnapoona wachezaji wameingia majini mpaka kifuani, pale si Afrika. Waliogopa magonjwa ya maji yetu, basi picha hizo zikapigwa kwenye studio huko London. Bogart alipata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo. Boti yenyewe, iliyotengenezwa Uingereza mwaka wa 1912, leo iko Key Largo, jimbo la Florida, Marekani, na watalii wanalipa ili waipande.

Mtu wa Mulongo akitaka kwenda kuona mahali hapo, asahau barabara. Atafuata mto: Ankoro, Kabalo, Kongolo, halafu Kindu. Kati ya Kongolo na Kindu maji yana mawe na maporomoko, ndiyo sababu wakoloni walijenga reli sehemu hiyo. Kutoka Kindu mto unapitika tena mpaka Ubundu. Ni mto mmoja. Gogo likianguka leo hapa bandarini, na lisipokwama njiani, litapita siku moja Ubundu, mji alikofika Huston na watu wake.

Sasa nataka tuangalie hadithi yenyewe. Ni wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, katika Afrika Mashariki ya Wajerumani. Filamu inaanza kanisani, watu wa kijiji wanaimba pamoja na mchungaji Mwingereza na dada yake. Wanajeshi wanakuja, wanachoma nyumba, wanawachukua watu. Mchungaji anapata homa na kufa. Dada yake anapanda boti ya fundi mmoja mlevi, na wawili hao wanateremka mto ili kwenda kuzamisha meli ya Wajerumani iliyo ziwani. Sisi watazamaji tunawafuata hao wawili mpaka mwisho.

Na wale watu wa kijiji? Walikwenda wapi usiku ule? Walilala wapi, walikula nini, nani alirudi? Filamu haisemi. Haigeuki nyuma hata mara moja. Nyinyi mliokimbia Mitwaba, Manono na vijiji vingine katika miaka ya vita mtaelewa kwa nini swali hilo linanikaa rohoni. Moto wa nyumba zenu ulitangazwa siku moja, mbili. Miaka iliyofuata haikutangazwa.

Hadithi hiyo ilitoka katika kitabu cha Mwingereza C. S. Forester kilichochapishwa mwaka wa 1935, na nyuma ya kitabu kuna mambo yaliyotokea kweli. Mambo hayo yalipita mbele ya mlango wetu.

Mwaka wa 1914 Wajerumani walikuwa na nguvu juu ya Ziwa Tanganyika. Waingereza waliamua kuleta boti mbili ndogo za vita, Mimi na Toutou, kila moja na urefu wa mita 12 hivi. Kiongozi wa safari alikuwa Geoffrey Spicer-Simson. Boti zilitoka Uingereza mwezi wa 6 mwaka wa 1915, zikashushwa Cape Town, zikapanda treni mpaka Fungurume. Hapo reli ilikwisha. Kuanzia mwezi wa 8 zilivutwa kwa mashine za mvuke na ng'ombe, zikavuka milima ya Mitumba mpaka Sankisia. Ili zipite, ilibidi kukata miti, kufungua njia na kujenga madaraja zaidi ya 100. Kutoka Sankisia zilipanda treni tena mpaka Bukama, na kutoka Bukama ziliwekwa juu ya Lualaba mpaka Kabalo.

Wavuvi wetu wanajua maana yake. Kutoka Bukama kwenda Kabalo kwa maji hakuna njia ya pili: unavuka Kisale, unapita Malemba, unapita Mulongo, unapita Ankoro. Ilikuwa mwezi wa 10, maji yamepungua, na boti zilikwama mara nyingi kwenye mchanga, kama baleinière zetu zinavyokwama leo. Waliozisukuma, waliopiga kasia, waliokata kuni za mashine na kubeba mizigo walikuwa watu weusi, mamia kwa mamia, wengi wao watoto wa nchi hii. Vitabu vimeandika majina ya maofisa. Vimeandika hata majina ya boti. Majina ya wabebaji hayamo.

Kutoka Kabalo boti zilifika kwa treni hadi mahali tunapoita leo Kalemie. Tarehe 26 mwezi wa 12 mwaka wa 1915 ziliteka meli ya Wajerumani Kingani, na tarehe 9 mwezi wa 2 mwaka wa 1916 meli ya pili, Hedwig von Wissmann, ikazamishwa. Ilibaki ile kubwa, Graf von Götzen, ndiyo inayofanana na meli ya kwenye filamu. Katika filamu, inalipuka na hadithi inakwisha. Katika ukweli, Wajerumani wenyewe waliizamisha Kigoma mwezi wa 7 mwaka wa 1916, wakiwa wamepaka injini mafuta mazito ili zisiharibike. Waingereza waliitoa majini mwaka wa 1924, na mwaka wa 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba.

Hapa ndipo ninapotaka kufika. Mwaka wa 1997, baada ya vita vya kumwangusha Mobutu, Umoja wa Mataifa ulitumia Liemba kuwarudisha nyumbani maelfu ya Wakongomani waliokuwa wamekimbilia Kigoma. Mwaka wa 2015 meli hiyo hiyo ilikwenda Kagunga kuchukua Warundi waliokimbia nchi yao. Na Ubundu, ule mji wa kamera za Huston? Mwaka huo huo wa 1997 makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walifika hapo kwa miguu, wakiwa na njaa, wakavuka Lualaba, na wengi hawakuishi.

Basi mahali pa filamu na meli ya filamu vyote viwili vilikutana na wale ambao filamu iliwasahau. Mtalii anayepanda boti huko Florida haonyeshwi hayo. Ni juu yetu kuyasema.

Ndiyo sababu ninawaomba jambo, ninyi mliohamia hapa na ninyi wenyeji mliowapokea. Msingoje mtu aje na kamera. Kaeni na watoto jioni, muwatajie jina la kijiji mlichotoka, jina la kijito mlichochotea maji, nani alikuwa jirani upande wa kuume na nani upande wa kushoto, na njia mliyopita mkikimbia. Anayejua kuandika, aandike kwenye daftari. Na kama kuna mzee aliyesikia kwa babu yake habari ya boti mbili za Wazungu zilizovutwa juu ya milima na kuteremka mto huu, aje kwetu redioni. Tutawasha kinasa sauti, na safari hii tutaanza na jina lake.