Prufu za Stempu za Ruanda: Karatasi Zilizotangulia Posta

Majeshi ya Kongo ya Wabelgiji yaliingia Kigali tarehe 6 Mei 1916. Mji wenyewe ulikuwa na umri wa miaka 9 tu, tangu Richard Kandt alipoweka makao yake Nyarugenge mwaka 1907. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa bado vibichi. Tabora ingeanguka Septemba. Lakini katika mwaka huohuo Jenerali Charles Tombeur, aliyeongoza majeshi hayo, alipata nafasi ya kushughulikia jambo dogo la posta. Aliamuru stempu za Kongo zigongwe muhuri wa neno moja: RUANDA. Nyingine ziligongwa URUNDI. Ndivyo jina la nchi lilivyoanza kuonekana kwenye stempu: kwa wino uliogongwa juu ya picha za mahali pengine.

Mihuri hiyo haikudumu. Kabla mwaka haujaisha ilikuja chapa nyingine, ndefu na yenye tahadhari, kwa Kifaransa na Kiflemi: EST AFRICAIN ALLEMAND OCCUPATION BELGE, na chini yake DUITSCH OOST AFRIKA BELGISCHE BEZETTING. Jina la Ruanda likaondoka. Jenerali alikuwa ametangaza nchi. Waliokuja baada yake walitangaza ukaliaji tu wa ardhi ya Mjerumani. Tofauti ya kauli hizo mbili ni ya kisiasa kabisa, nayo imehifadhiwa kwenye vipande vya karatasi visivyozidi ukubwa wa vidole viwili.

Sasa, ukitaka kuzungumzia prufu za stempu za Ruanda, yaani nakala za majaribio ambazo mchapaji huzitoa kabla ya stempu kuidhinishwa na kuuzwa, hapo ndipo pa kuanzia, maana neno RUANDA la mwaka 1916 halikuwa na mchoro wake. Ulikuwa muhuri juu ya stempu iliyokwisha kuchapwa. Prufu za picha iliyo chini yake zilitolewa London, na zamani zaidi, wakati Ruanda haimo kabisa katika hesabu za Brussels.

Picha zenyewe zina hadithi. Mwaka 1894 mji wa Antwerp ulifanya maonyesho makubwa ya kimataifa, na wachoraji Robert Mols na Piet van Engelen walitengeneza mandhari kubwa ya Kongo ili watazamaji wa Ulaya waione koloni ya Mfalme Leopold wa Pili bila kupanda meli. Kutokana na kazi hiyo kampuni ya Waterlow & Sons ya London ilichonga stempu za Dola Huru ya Kongo: bandari ya Matadi, maporomoko ya Stanley, maporomoko ya Inkisi, uwindaji wa tembo. Kila stempu ilikuwa na rangi mbili, fremu ya rangi na picha nyeusi katikati. Mwaka 1909, baada ya Ubelgiji kuichukua Kongo mikononi mwa Leopold, stempu zilezile zilipigwa chapa ya CONGO BELGE. Mwaka 1910 fremu zilichongwa upya ziwe na lugha mbili, na toleo la 1915 likafuata. Ni toleo hilo la 1915 ambalo Tombeur aliligonga muhuri wake. Kwa hiyo mtu aliyepeleka barua posta ya Kigali katika miaka hiyo alibandika maporomoko yaliyo karibu na Kisangani ya leo, au bandari iliyo karibu na Bahari ya Atlantiki, upande wa pili wa bara.

Uchongaji huo wa Waterlow ndio unaofanya prufu zake zitafutwe sana. Mchonga chuma alifanya kazi juu ya kalibu, yaani kipande cha chuma laini, akichora kinyume, kushoto kuwa kulia, kwa mistari myembamba ambayo macho ya kawaida hayawezi kuifuata bila lenzi. Kila alipofika hatua fulani alipaka wino, akakandamiza karatasi nyembamba, akaitazama: je, tembo anaonekana tembo? Kivuli kimezidi? Karatasi hiyo ndiyo prufu ya kalibu. Ikikubaliwa, chuma kilikazwa kwa moto kiwe kigumu, kikahamishia mchoro wake kwenye rola, na rola likaugandamiza mchoro huo mara nyingi juu ya bamba la kuchapia. Karatasi iliyotolewa kwenye bamba zima kabla ya kazi ya kuuza ni prufu ya bamba. Kisha zipo za majaribio ya rangi: picha ileile kwa kijani, kwa zambarau, kwa kahawia, ili ofisa fulani mezani kwake achague. Kwa kuwa stempu za Mols zina rangi mbili, kuna pia prufu za fremu tupu, katikati pakiwa peupe, na za picha peke yake bila fremu. Fremu tupu ya 1910 au 1915 ni kitu cha kushangaza kukitazama. Maandishi yote ya dola yamo, lugha mbili zimo, bei imo, na nchi haimo.

Majirani walikuwa na bahati tofauti. Zanzibar, iliyokuwa ikihudumiwa na posta ya India tangu 1875 na kutumia stempu za India zilizopigwa chapa ya jina lake mwaka 1895, ilipata stempu zenye sura ya Sultani Hamed bin Thuwaini mwaka 1896 kutoka kampuni ya De La Rue. Zilipofika mikononi mwa watu, Sultani alikuwa amekwisha kufa, tangu tarehe 25 Agosti mwaka huo. Bila shaka mchongaji alianza kazi ya sura hiyo Sultani mwenyewe akiwa hai, na prufu zake ni mabaki ya utawala uliokwisha kabla posta haijautangaza. De La Rue, kwa kazi zake nyingi, ilikuwa na desturi ya kugonga kwenye prufu maneno ya kuonyesha kama imetolewa kabla au baada ya chuma kukazwa, pamoja na tarehe. Kwa mwanahistoria desturi hiyo ni neema kubwa: unajua siku ambayo uamuzi ulifikiwa.

Uganda ilianza bila mchongaji yeyote. Mwaka 1895 mmisionari Ernest Millar alikaa na taipureta yake na kupiga stempu mstari kwa mstari, bei zikiwa za kauri, kauri 200 kwa rupia moja. Hakuna prufu hapo, wala hapawezi kuwa nayo: kila stempu ni jaribio, na majaribio yote yaliuzwa. Nami huwa napenda stempu hizo kuliko zote za Afrika Mashariki, lakini hilo ni suala la ladha.

Kwa upande wa Wajerumani kuna kisa cha Vuga, huko Usambara. Vita vilipokata njia ya bahari, stempu zilipungua, na mashine ya uchapaji ya misheni ya Vuga ikapewa kazi ya kuchapa za muda: heller 2½, heller 7½ na rupia 1. Kabla hazijatumika, meli ya Marie ilipenya mzingiro wa Waingereza na kufika ghuba ya Sudi, kusini, mwezi Machi 1916, ikiwa na shehena yake na stempu za kawaida ndani yake. Zile za Vuga hazikuhitajika tena. Zilifukiwa ardhini zisiangukie mikononi mwa adui, zikafukuliwa baada ya vita na kupelekwa Berlin, ambako ziliuzwa kwa wakusanyaji. Hazijawahi kubeba barua. Ni stempu kwa umbo, lakini kwa maisha yao zinafanana zaidi na prufu. Ruanda ilikuwa bado sehemu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani wakati zinachapwa, na mkusanyaji wa Kigali ana haki ya kuziweka kwenye ukurasa wa kwanza wa albamu yake.

Turudi kwenye Maziwa Makuu. Mwaka 1922 Tanganyika, chini ya Waingereza, ilipata stempu zake za twiga, zilizochapwa na Bradbury Wilkinson, na hakuna mtu aliyeziona akadhani ni za nchi nyingine. Mwaka huohuo ofisi za posta za upande wa Wabelgiji zilikuwa zikipokea chapa za bei mpya juu ya chapa ya ukaliaji ya 1916, juu ya picha za Kongo. Tabaka tatu. Baada ya Shirikisho la Mataifa la wakati ule kuthibitisha udhamini wa Ubelgiji, neno RUANDA URUNDI lilirudi mwaka 1924, na kwa mara nyingine kama chapa juu ya stempu za Kongo. Ilibidi kusubiri mpaka 1931 ndipo zitoke stempu zilizochorwa kwa ajili ya nchi hizi mbili: wapagazi, milima, wapiganaji, ng'ombe. Hata hizo ni macho ya mkoloni, yanayopenda kupanga watu kwa makundi na kazi zao, na mtu anayezitazama leo mjini Kigali hawezi kuzitazama bila kujua kupanga huko kulizaa nini baadaye. Prufu za toleo la 1931 zina uzito wake kwa sababu hiyo. Zinaonyesha kile ambacho mtawala alikiona kuwa Ruanda-Urundi wakati karatasi ilikuwa bado nyeupe.

Vita vya Pili vikaizima Ubelgiji kwa muda, na mwaka 1942 kazi ilirudi kwa Waterlow, London, waliotengeneza toleo la minazi na picha nyingine kwa ajili ya Kongo na Ruanda-Urundi pamoja. Waterlow walikuwa na tabia ya biashara inayowachanganya wanaoanza: walichapa stempu za wateja wao kwa rangi zisizo za kweli, wakaandika jina la kampuni na neno SPECIMEN, wakatoboa tundu dogo, wakazigawa kama vielelezo vya ustadi wao. Hizo ni nzuri kumiliki, lakini hazikupelekwa kwa ofisa yeyote ili azipitishe. Ni matangazo. Kampuni yenyewe ilinunuliwa na De La Rue mwaka 1961, mwaka mmoja kabla ya uhuru wa Rwanda, na karatasi za wachapaji wakubwa wa aina hiyo zilisambaa minadani kwa miongo iliyofuata.

Uhuru ulipokuja tarehe 1 Julai 1962, stempu mpya zilikuwa na sura ya Rais Grégoire Kayibanda na ramani. Hata hivyo katika miaka ya mwanzo ya jamhuri stempu za wanyama za Ruanda-Urundi ziliendelea kuonekana, zikiwa zimepigwa chapa ya REPUBLIQUE RWANDAISE. Desturi ya Tombeur ilikuwa na umri mrefu kuliko utawala aliouanzisha.

Miaka ya 1960 na 1970 ni bahari ya toleo juu ya toleo, nyingi zikilenga wakusanyaji wa nje: michezo ya Olimpiki, safari za angani, sanaa za Ulaya. Kutoka kipindi hicho ziko sokoni tele stempu zisizo na vitobo pembeni, na karatasi ndogo za kifahari zenye stempu moja katikati. Wauzaji wengine huziita prufu na kuongeza bei. Huo ni udanganyifu wa lugha. Kitu kilichotengenezwa kiuzwe kwa mkusanyaji hakikujaribu chochote, na asiyekuwa na haraka atakipata kwa bei ya kikombe cha kahawa.

Na hapa nataka kusema na watu wa Nyarutarama. Kilima hiki cha wilaya ya Gasabo, mjini Kigali, chenye uwanja wa gofu, ziwa dogo na nyumba za mabalozi, kina watu wenye uwezo wa kununua kwenye minada ya London, Geneva au Brussels wakiwa sebuleni mwao. Nyumba zao zina namba za barabara, KG 9 na nyinginezo, ingawa barua bado huandikwa B.P., yaani sanduku la posta, na kusubiri mjini. Wengi hununua michoro na sanamu, jambo jema. Karatasi za posta hazina wateja hapa, ilhali ndizo zinazoandika jinsi jina la nchi lilivyotolewa, likafutwa na kurudishwa ndani ya miaka 8.

Anayetaka kuanza aanze kwa tahadhari. Mihuri ya RUANDA na URUNDI ya 1916 imeghushiwa sana, kwa sababu kutengeneza muhuri wa neno moja ni kazi ya mchana mmoja, na stempu ya Kongo iliyo chini yake ni ya kawaida na rahisi. Usinunue bila cheti cha mtaalamu anayejulikana. Prufu ya kweli ya Waterlow ni ngumu zaidi kuigiza, maana mchongo wa chuma huacha wino ulioinuka juu ya karatasi, nao huhisika kwa ncha ya kidole. Nakala ya mashine ya kisasa ni bapa. Tazama karatasi kabla ya picha. Prufu ya kalibu mara nyingi ina pambizo pana, haina gundi wala vitobo. Muulize muuzaji ilitoka wapi, na akijibu kwa kunung'unika, mrudishie.

Prufu nyingi za makoloni ya Waingereza zimekusanywa pamoja katika Maktaba ya Uingereza, kutoka hazina ya Crown Agents, mawakala wa makoloni hayo, na mtafiti wa Zanzibar au Uganda ana mlango wa kubisha. Rwanda, kwa kuwa ilipitia kwa Wabelgiji, haina mlango mmoja wa namna hiyo. Vipande vyake vimetawanyika kwenye albamu za watu binafsi. Tangu 2020 makumbusho na hifadhi za nyaraka za taifa ziko chini ya chombo kimoja, Inteko y'Umuco. Mwenye prufu ya 1915, ya 1931 au ya 1962 nyumbani kwake si lazima aitoe. Aipige picha nzuri, pande zote mbili, aandike alipoinunua na lini, na apeleke nakala huko.