Nyota, Simba na Nguzo: Kuzisoma Bastola za Zamani za Polisi Likasi

Igeuze bastola ya Browning ya enzi za Wabelgiji, uitazame ubavuni. Utaona nyota ndogo juu ya herufi moja, simba aliyesimama kwa miguu ya nyuma, na kitu kama mnara wenye msalaba kileleni. Katika mji kama Likasi, huko Katanga nchini Kongo, ni rahisi alama hizo kupata wafasiri. Nyota itasemwa ni ile ya bendera ya Léopold II. Simba atahusishwa na Simba wa uasi wa 1964. Msalaba utaitwa msalaba wa mukuba, yaani wa shaba, ule uliochorwa mara tatu kwenye bendera ya Katanga iliyojitenga chini ya Tshombe. Ni fasiri tamu, lakini hakuna hata moja iliyo ya kweli.

Alama hizo zote ni za Liège, mji wa mafundi bunduki huko Ubelgiji, na ziligongwa kabla bastola haijaiona meli. Mnara ni Perron, nguzo iliyosimama sokoni mwa mji huo kama ishara ya uhuru wa wenyeji. Charles wa Bourgogne alipowashinda mwaka 1467 aliing'oa akaipeleka Bruges, nao hawakutulia hadi ikarudi mwaka 1478. Simba ana herufi PV chini yake, kifupi cha maneno ya Kifaransa yenye maana ya baruti kali: mtutu ulijaribiwa kwa baruti isiyo na moshi ukastahimili. Nyota nayo ni ya mkaguzi tu. Kila mkaguzi alikuwa na herufi yake, na nyota iliwekwa juu ya herufi hiyo. Alama ya manufaa zaidi ni ile ambayo watu huiruka, yaani herufi ELG ndani ya duara la yai. Tangu mwaka 1893 duara hilo likavikwa taji. Revolva ya Liège isiyo na taji hapo, basi, ilijaribiwa kabla ya mwaka huo.

Kiwanda kilichozitoa Browning hizi ni Fabrique Nationale, kilichoanzishwa mwaka 1889 huko Herstal, jirani ya Liège. John Browning, Mmarekani wa Utah, alikiuzia michoro yake, na mwaka 1926 akafia hukohuko kazini. Mikononi mwa polisi wa nchi nyingi ilienea zaidi modeli ya 1922. Hiyo ni ile ya 1910 iliyorefushwa mtutu na mpini, kwa sababu wateja wa Yugoslavia waliitaka hivyo.

Alama nyingine huwashtua watu zaidi: ndege mdogo na maandishi WaA140. Huyo ni tai wa jeshi la Ujerumani, lililokikalia kiwanda kuanzia 1940 hadi 1944. Miaka hiyo Kongo ilikuwa imekatika na Ubelgiji, na urani ya Shinkolobwe, karibu kabisa na Likasi, ilikuwa ikisafirishwa kwenda Marekani, kwa adui wa Wajerumani hao. Kwa hiyo bastola yenye tai ikionekana Katanga, ilifika baada ya vita, na ilipitia mikono mingine kwanza.

Sasa, nani aliyezibeba Browning hizi hapa? Comité Spécial du Katanga, iliyoundwa mwaka 1900, ilikuwa na polisi wake yenyewe. Kwingineko Force Publique, iliyoanza mwaka 1885, ilikuwa jeshi na polisi kwa pamoja. Kwa kawaida askari Mkongo alipewa bunduki, na bastola ikakaa kiunoni mwa mzungu aliyemwamuru. Mpangilio huo ulivunjika Julai 1960, askari walipoasi na Katanga ikajitenga tarehe 11. Septemba 1961, Likasi ikiwa bado inaitwa Jadotville, kikosi cha Waayalandi wa Umoja wa Mataifa chini ya Pat Quinlan kilipigana siku tano na jeshi la Tshombe, kisha kikaishiwa maji na risasi, kikasalimu amri na kuacha silaha zake. Ndiyo maana chuma cha miaka hiyo huko Katanga hakifuati njia moja.

Hapo ndipo penye mtego. Alama zinazoonekana kuwa za Kikatanga hasa, kama FP iliyogongwa kwa mkono, msalaba uliochongwa kwenye mpini au namba isiyolingana na ya kiwandani, ndizo zenye ushahidi dhaifu. Likasi ni mji wa karakana. Tangu enzi za viwanda vya Panda na Shituru, nyundo na vipigio vya herufi vimekuwa vifaa vya kila siku, na yeyote angeweza kugonga FP kwa dakika chache, mwaka wowote. Mimi huziangalia kwanza kingo za herufi. Kama chuma kilichosukumwa kando bado kinang'aa huku sehemu nyingine imechakaa, alama hiyo ni ya juzi.

Kinachosema kweli ni namba pamoja na karatasi. Mfano ni bastola ya Sarajevo, iliyomuua mrithi wa Austria tarehe 28 Juni 1914, kisha ikapotelea miaka mingi kwa Wajesuiti. Vitabu vingi viliiita Browning ya 1900. Mwaka 2004 ilipokabidhiwa kwenye jumba la makumbusho la kijeshi la Vienna, namba 19074 ililinganishwa na kumbukumbu za kesi, ikabainika ni modeli ya 1910. Ni risasi za bastola hiyo zilizoanzisha vita ambamo askari wa Kongo walitembea hadi Tabora, wakauteka mji huo mwaka 1916.

Kongo inazo pia alama mpya. Sheria ya silaha ya tarehe 3 Septemba 1985 haimruhusu mtu kukaa na bastola bila kibali, hata kama anaiita kumbukumbu ya babu. Itifaki ya Nairobi ya 2004 nayo inazitaka serikali zigonge chapa silaha zao, na kazi hiyo hufanywa kwa mashine inayochoma nukta nukta kwenye chuma. Wakusanyaji hulalamika kwamba nukta hizo zinaharibu. Sikubaliani nao. Nukta hizo zinasema silaha ilikuwa ya nani na wapi, jambo ambalo simba na nguzo ya Liège havikuwahi kulisema kuhusu Katanga.