Oktoba 22, 1844: siku waliyomngoja Masihi

Mwezi Oktoba 1844, huko New Ipswich katika jimbo la New Hampshire, Marekani, viazi vya mkulima Leonard Hastings vilikomaa na kubaki ardhini. Anayechimba viazi Oktoba anafikiria chakula cha Desemba, na kwa hesabu aliyoiamini Hastings, Desemba ya mwaka ule isingekuwepo. Yesu Kristo angerudi Jumanne, tarehe 22.

Hastings hakuwa peke yake. Wanahistoria wengi wanakadiria kwamba waliokuwa wakiingoja siku ile kaskazini mashariki mwa Marekani walikuwa kati ya watu 50,000 na 100,000. Wapo waliofunga maduka, waliolipa madeni ya zamani, waliokwenda kuomba radhi kwa watu waliowakosea miaka mingi nyuma. Walikuwa Wabaptisti, Wamethodisti na wengineo, watu wa ibada wanaojua Biblia yao, na wala hawakujiona kama waasi wa kanisa lolote. Walichokifanya ni kuichukua ahadi ambayo kila Mkristo huikiri, kwamba Masihi atarudi, na kuitafutia tarehe.

Tarehe hiyo ilianzia kwa William Miller, na habari zake zinastahili kuelezwa polepole, kwa sababu aligeuzwa kichekesho akiwa hai na kichekesho hicho kimeishi kuliko yeye. Alizaliwa Februari 15, 1782, akakulia Low Hampton, New York, mtoto wa shamba aliyekuwa akisoma usiku wengine wakilala. Ujanani aliiacha dini ya nyumbani kwao, akashika falsafa ya wale waliosema kuwa Mungu yupo lakini, akishaumba, hajishughulishi tena na dunia. Kisha vikaja vita na Waingereza. Septemba 1814, akiwa kapteni wa jeshi, Miller alikuwa Plattsburgh pale Wamarekani waliozidiwa idadi walipomrudisha nyuma adui. Mtu aliyeamini kuwa Mungu haingilii mambo ya watu alitoka pale na swali ambalo falsafa yake haikuwa na jibu.

Mwaka 1816 alirudi kanisani. Rafiki zake wa zamani walimtania kuwa Biblia imejaa migongano, naye akaamua kuisoma yote, mstari kwa mstari, akisaidiwa tu na kitabu cha Cruden kinachoonyesha kila neno limetumika wapi katika Maandiko. Miaka miwili baadaye alikuwa amefika kwenye Danieli sura ya nane, penye siku 2,300 zinazotajwa kabla ya kutakaswa patakatifu. Alifuata kanuni iliyotumiwa na wafasiri wengi kabla yake, kwamba siku moja ya unabii ni mwaka mmoja. Akaanza kuhesabu mwaka 457 kabla ya Kristo, kwa amri ya mfalme Artashasta kuhusu Yerusalemu, na hesabu ikamfikisha kwenye mwaka 1843. Patakatifu, alivyoelewa yeye, ni dunia hii, na kutakaswa kwake ni moto wa kurudi kwa Bwana.

Alichokifanya baada ya hapo ndicho kinachonifanya nimheshimu. Alikaa kimya. Kwa miaka 13 aliipitia tena hesabu, akizungumza na majirani wachache tu. Agosti 1831, akisumbuliwa na dhamiri, alifanya kama patano na Mungu: akialikwa mahali kuhubiri, atakwenda. Nani angemwalika mkulima wa miaka 49 asiye mchungaji? Inasimuliwa kuwa nusu saa haikupita kabla mpwa wake hajabisha hodi na mwaliko kutoka Dresden. Miller alitoka nje kwa hasira, akaenda kubishana na Mungu wake kwenye miti karibu na nyumba, na aliporudi alikwenda kuhubiri.

Huenda angebaki mhubiri wa vijijini kama asingekutana na Joshua Himes, mchungaji wa Boston na mpinzani wa utumwa, aliyejua kazi ya magazeti. Mwaka 1840 Himes alianzisha gazeti la Signs of the Times, na mengine yakafuata. Zilichapwa chati kubwa za wanyama wa Danieli na Ufunuo ili hata asiyejua kusoma aione hesabu. Kuanzia 1842 watu walikusanyika kwa siku kadhaa katika mahema, wakila na kulala palepale. Msabato wa Upare au Kisii anayefunga mizigo kila mwaka kwenda makambi amerithi desturi hiyo, ajue asijue. Mbingu nazo zilionekana kuchangia: mwaka 1833 nyota zilikuwa zimeanguka kama mvua, na mapema mwaka 1843 nyota yenye mkia mrefu ilionekana hata mchana.

Miller hakupenda kutaja siku. Alisema tu kati ya Machi 21, 1843 na Machi 21, 1844. Muda huo ulipita, na waliobaki walijishikilia kwa nabii Habakuki, anayesema kuwa maono yakikawia yangojwe. Kisha Agosti 1844, katika makambi ya Exeter, New Hampshire, Samuel Snow alileta hesabu mpya. Kwanza, hakuna mwaka sifuri. Kutoka mwaka 1 kabla ya Kristo unaingia moja kwa moja mwaka 1 baada yake, kwa hiyo mwisho wa hesabu ni 1844. Pili, patakatifu pa Wayahudi palitakaswa siku ya kumi ya mwezi wa saba, na kwa kalenda ya Wakaraimu, dhehebu la Kiyahudi, siku hiyo iliangukia Oktoba 22. Ujumbe huo ulienea kama moto wa nyika. Miller mwenyewe alisita hadi mwanzoni mwa Oktoba, wiki mbili hivi kabla ya siku yenyewe, kisha naye akaukubali. Viongozi walivutwa na wafuasi wao, jambo ambalo wanaomlaumu Miller peke yake hulisahau.

Siku ikafika. Watu walikaa majumbani na kwenye vyumba vya ibada, wakiimba na kuomba hadi saa sita usiku. Alfajiri jua likachomoza. Habari kwamba walivaa kanzu nyeupe na kupanda mapaa ili warahisishe safari zilipendwa sana na magazeti ya wakati ule, lakini mwaka 1944 Francis Nichol, mwandishi Msabato, yaani wa kanisa lililotokana na wangojaji hao, alizichambua moja moja na hakuona ushahidi. Unaweza kusema alikuwa akitetea nyumba yake. Hata hivyo watafiti wa nje nao huzitaja kama uvumi.

Ukweli ulikuwa mchungu bila kuongezewa kanzu. Watoto waliwazomea barabarani, wakiwauliza kwa nini bado hawajapaa. Baadhi walirudi kwenye makanisa yao, baadhi wakaacha dini, wengine wakajiunga na jumuiya za kidini za Shaker. Wapo waliotaja tarehe nyingine, kisha nyingine tena, na tabia hiyo imeendelea kuzaa manabii wa kalenda hadi leo. Miller aliandika wazi kwamba alikosea wakati, ila hakuona kosa katika kumngoja Kristo. Alifariki Desemba 20, 1849, akiwa karibu kipofu, na bado akingoja.

Asubuhi ya Oktoba 23, Hiram Edson wa Port Gibson, New York, alikatiza katika shamba la mahindi na mwenzake kwenda kuwafariji waliolia usiku kucha. Katikati ya shamba akapata wazo kwamba tarehe ilikuwa sahihi na tukio ndilo lililokosewa: Masihi hakupaswa kushuka duniani siku ile, bali kuingia chumba cha pili cha patakatifu pa mbinguni, kwa namna Waraka kwa Waebrania unavyomwonyesha kama kuhani mkuu. Wakosoaji husema hilo ni jibu lisiloweza kukaguliwa, kwa kuwa hakuna awezaye kupanda kwenda kutazama. Hoja hiyo ina uzito, na Miller mwenyewe hakulipokea jibu la Edson. Lakini Mkristo anayelicheka akumbuke wale wawili wa njia ya Emau. Nao walikuwa wamemtumaini Masihi kwa namna moja, tumaini likavunjika msalabani, na imani yao ikaanza upya baada ya kuyasoma Maandiko yaleyale kwa jicho jingine.

Kundi dogo lililoshika fundisho la Edson lilikutana na binti wa Portland, Ellen Harmon, ambaye familia yake ilikuwa imetengwa na kanisa la Methodisti kwa sababu ya mahubiri ya Miller. Aliona njozi yake ya kwanza Desemba 1844, akiwa na miaka 17, na mwaka 1846 akaolewa na James White. Wakashika pia Sabato ya Jumamosi waliyojifunza kupitia Wabaptisti wa Siku ya Saba. Jina la Waadventista Wasabato walilichagua mwaka 1860, na Mei 1863 wakaunda kanisa lenye waumini wapatao 3,500.

Hapo ndipo kuna kitendawili ambacho sijaona kikielezwa vya kutosha. Watu wasiotaka kuchimba viazi kwa kuwa hakutakuwa na Desemba, ndani ya miaka 22 walikuwa wamefungua kituo cha tiba kule Battle Creek, Michigan, na mwaka 1874 chuo. Nani anajenga chuo kwa ajili ya dunia inayokwisha? Nadhani kilichobadilika ni mahali tumaini lao lilipoegemea. Zamani liliegemea namba, na namba ikipita huna la kufanya ila kuhesabu tena. Baadaye waliegemea aliyeahidi, na anayengoja mtu asiyetaja saa ana muda wa kufundisha watoto kusoma.

Kutoka huko walifika kwetu. Mwaka 1903 Johannes Ehlers na A. C. Enns walitumwa kutoka Ujerumani hadi Upare wa Kusini, wakaanzisha kituo huko Giti. Mwenzao aliyewafuata, Ernst Kotz, alichapisha sarufi ya Chasu, lugha ya Wapare, mwaka 1909. Upande wa Ziwa Victoria, Novemba 1906, Mkanada Arthur Carscallen alifungua kituo cha Gendia pamoja na Peter Nyambo wa Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Leo waumini wa kanisa hilo duniani wamezidi milioni 20.

Nyambo huyo hakudumu Gendia. Alirudi kwao, na mwaka 1914 alisafiri hadi London akiwa na malalamiko yaliyoandikiwa Mfalme George V kuhusu namna Waafrika wa Nyasaland na Rhodesia walivyotawaliwa. Alidai haki hiyo kwa mfalme wa duniani, wakati huohuo kanisa lililomtuma Gendia likihubiri kwamba Mfalme mwingine yuko njiani.