Kuokoa Mama, Kuokoa Kizazi

Mei 1876, mjini Pavia nchini Italia, Dkt. Eduardo Porro alimpasua mjamzito mwenye nyonga zilizopinda, akamtoa mtoto, kisha akaukata na kuuondoa mfuko wa uzazi ili damu isimmalize mama. Wote wawili walipona. Zama zile upasuaji wa uzazi ulikuwa karibu sawa na kifo, hivyo madaktari wengi wakamfuata. Bei ya uhai ikawa kizazi.

Mwaka 1879, huko Kahura, Bunyoro, katika Uganda ya leo, tabibu Mwingereza Robert Felkin alishuhudia njia nyingine. Mganga alimnywesha mama pombe ya ndizi, akampasua, akachoma kwa chuma cha moto palipovuja damu, akaukanda mfuko wa uzazi mpaka ukakaza. Hakuuondoa. Mama alipona, na kizazi chake kikabaki mahali pake.

Hata hivyo, kubaki na kizazi si kubaki na uwezo wa kuzaa. Mwaka 1894 Dkt. Heinrich Fritsch alieleza habari za mama ambaye hedhi ilikatika baada ya kukwanguliwa kizazi. Mwaka 1950 Dkt. Joseph Asherman akaonyesha namna makovu yanavyogandisha kuta za kizazi. Katikati yao, mwaka 1937, Dkt. Harold Sheehan alieleza kwamba damu ikipotea nyingi wakati wa kujifungua, tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo huweza kufa: maziwa hayatoki, hedhi hairudi.

Mwaka 1997 Christopher B-Lynch, mzaliwa wa Sierra Leone aliyefanya kazi Uingereza, alichapisha mshono unaoukaza mfuko wa uzazi kwa nje, kama kamba ifungavyo mzigo wa kuni, ili damu ikome bila kuuondoa. Wengi walioshonwa hivyo hurudi kupata hedhi, na wengine wameshika mimba tena. Lakini mishono inayobana ukuta wa mbele na wa nyuma pamoja imewahi kuacha makovu ndani.

Mwaka 2023 utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ulionyesha kwamba damu inayotoka baada ya kujifungua ikipimwa kwa shuka la plastiki lenye alama, na tiba zote za kuizuia zikaanza papo hapo, kuvuja damu kupita kiasi, upasuaji na vifo, kwa jumla yake, hupungua kwa asilimia 60. Kizazi kinachookolewa vizuri zaidi ni kile kisichofika mezani kwa mpasuaji.

Aliyefika huko ana haki ya kuambiwa, na kuandikiwa kwenye kadi yake, kama kizazi chake kiliondolewa, kilishonwa au kilikwanguliwa, na arudi hospitali hedhi isiporejea. Wanawake wengi wamelaumiwa na ukoo kwa ugumba ambao sababu yake ilijulikana chumba cha upasuaji, wao wenyewe wasielezwe.