Kipimo cha damu na matumaini ya kupona kiharusi

Swali ambalo ndugu wa mgonjwa wa kiharusi hulielekeza kwa daktari mapema ni kama mgonjwa wao atatembea na kuzungumza tena. Kwa zaidi ya miongo miwili sasa, watafiti wamekuwa wakilitafutia jibu katika damu.

Kiharusi hutokea pale sehemu ya ubongo inapokosa damu kwa sababu mshipa umeziba, au mshipa unapopasuka. Makadirio ya kimataifa yanaonyesha kuwa mwaka 2019 pekee, watu milioni 12.2 walipatwa na ugonjwa huo duniani, na wapatao milioni 6.5 walifariki dunia.

Seli za ubongo zinapokufa, protini zake huvuja na kuingia katika mzunguko wa damu. Inayochunguzwa sana ni neurofilamenti nyepesi, ambayo ni sehemu ya kiunzi cha ndani cha nyuzi za neva. Kiwango chake huendelea kupanda kwa wiki kadhaa na huweza kubaki juu kwa miezi. Kwa jumla, kiwango kikubwa huashiria kuwa ubongo umeumia zaidi.

Kiashiria kingine ni kopeptini, ambayo huongezeka mwili unapopata mshtuko mkubwa. Mwaka 2009, Mira Katan na wenzake wa Basel, Uswisi, walichapisha matokeo ya utafiti uliohusisha wagonjwa 362 walioziba mishipa ya ubongo. Waliokuwa na kopeptini nyingi walipolazwa walikabiliwa na hatari kubwa zaidi ya kufa au kubaki na ulemavu miezi mitatu baadaye.

Hata hivyo, damu si shahidi asiyekosea. Neurofilamenti huongezeka pia kutokana na uzee na maradhi ya figo. Umri wa mgonjwa na ukali wa kiharusi, unaopimwa kitandani kwa alama 0 hadi 42, bado ndiyo misingi mikuu ya utabiri. Kipimo kipya hakina budi kuongeza jambo ambalo misingi hiyo haikulionyesha.

Hatari kubwa ni kumhukumu mgonjwa mapema. Akinyimwa tiba ya viungo kwa sababu ya tarakimu za maabara, atashindwa kupona, na kipimo kitaonekana kilisema kweli.

Kwa sababu hizo, viashiria hivyo bado vimo zaidi katika utafiti kuliko wodini. Kipimo cha damu kisichoachwa ni cha sukari, kwani sukari ikishuka mno huleta dalili zinazofanana na za kiharusi.

Kwa sasa, muda ndio wenye uzito. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea ghafla au maneno yakimtatiza mtu, awahishwe hospitali.