Kazi Ndiyo Chuo: Jinsi Tom Mboya wa Rusinga Alivyojifunza Uongozi



Kila mwaka taarifa yetu huonyesha hesabu ya michango, ya misiba tuliyosaidiana, na ya karo tulizolipa. Hizo ni hesabu za fedha. Yafaa tufanye na hesabu ya watu: je, ni nani anayeandaliwa leo kushika kalamu ya mwandishi na daftari la mweka hazina, siku walioko watakapochoka?

Wazee wa nchi yetu, iliyoitwa Nyanza ya Kusini na ambayo leo ni kaunti za Homa Bay na Migori, hawakuliacha jambo hili lijitengenezee njia. Kijana wa Kijaluo aliketi katika duol, nyumba ya mwenye boma, akaota moto pamoja na wanaume, akatumwa, akasikiliza mashauri yakikatwa, hata akajua wakati wa kunena na wakati wa kunyamaza. Ziwani kadhalika, mvulana alianza kwa kuteka maji yaliyoingia mtumbwini. Usukani ulikuja baadaye.

Kazi za mshahara zilipoingia, watu wetu walitawanyika. Wengine walikwenda Macalder, huko Migori, palipochimbwa dhahabu na shaba mpaka kampuni ilipofunga machimbo mwaka 1966. Wengine walikwenda Nairobi, Mombasa na kwenye mashamba ya mkonge. Duol ilibaki nyumbani. Ikawa lazima mahali pa kazi pawe chuo kipya.

Mfano mkubwa ni wa Tom Mboya, ambaye asili yake ni kisiwa cha Rusinga. Alizaliwa mwaka 1930 huko Kilimambogo, ambako baba yake alikuwa msimamizi katika shamba la mkonge. Alisoma mpaka Holy Ghost College, Mangu, lakini fedha za karo zikapunguka. Mwaka 1948 akaingia Jeanes School, Kabete, kujifunza kazi ya bwana afya, na huko wenzake wakamchagua kuongoza baraza la wanafunzi. Basi uongozi wake wa kwanza ulikuwa wa mambo madogo miongoni mwa watu waliomjua.

Mwaka 1951 aliajiriwa na baraza la mji wa Nairobi. Akaona kwamba bwana afya Mwafrika alilipwa kidogo sana kuliko Mzungu aliyefanya kazi ile ile. Uchungu huo ungaliweza kumfanya mtu wa kulalamika tu. Yeye aliingia katika chama cha wafanyakazi Waafrika wa baraza, akachaguliwa kuwa mkuu wake, akasaidia kukigeuza kuwa chama cha wafanyakazi kilichoandikishwa kwa sheria. Hapo alijifunza kazi zisizo na sifa: kukusanya ada, kuandika barua, kusoma sheria, na kuketi mezani na mwajiri bila hasira wala hofu.

Wala hakuanza penye jangwa. Chege Kibachia huko Mombasa mwaka 1947, na Makhan Singh pamoja na Fred Kubai huko Nairobi mwaka 1949, walikuwa wamekwisha kuonyesha njia, nao wakaadhibiwa na serikali ya kikoloni. Mwaka 1953, katika siku ngumu za Hali ya Hatari, Mboya akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, umri wake miaka 23. Jim Bury, Mkanada aliyetumwa na shirikisho la wafanyakazi la kimataifa, alifanya kazi karibu naye na kumshauri. Mwezi wa Machi 1955 wapagazi wa bandari ya Mombasa walipogoma, Mboya aliitwa kusaidia mapatano, na mishahara yao ikaongezwa. Ndipo akaenda Ruskin College, Oxford, kwa mwaka mmoja. Tazameni utaratibu huo: kazi ilitangulia, masomo ya juu yakafuata, na yote mawili yakafaana.

Naye hakufunga mlango nyuma yake. Mwaka 1959 alisaidia kupeleka wanafunzi 81 Marekani kwa ndege moja. Mwaka 1962, akiwa Waziri wa Kazi, alisimamia mkataba wa waajiri, wafanyakazi na serikali juu ya namna ya kumaliza magomvi ya kazi.

Tarehe 5 Julai 1969 aliuawa kwa risasi Nairobi, kabla hajatimiza miaka 39. Kaburi lake liko Rusinga. Kaburi hilo linatuonya kwamba kiongozi aweza kuondoka adhuhuri, jua lingali juu. Kilichofundishwa kwa wengine husalia. Alichokijua peke yake huzikwa pamoja naye.

Kwa hiyo twaomba kila mwenye cheo katika chama chetu achukue kijana mmoja na kumketisha kando yake. Amwachie aandike kumbukumbu za mkutano, ampe jambo dogo alisimamie, na akikosea amsahihishe faraghani, si mbele ya watu. Nanyi vijana, msidharau kuanza kwa kuteka maji mtumbwini.

Wazee husema: mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Na chama ni hivyo hivyo.